Kuku wameacha kutaga tangu baridi ianze Njombe: ni baridi kweli au kuna jingine?

#1 Kibanda cha Nyuma

Kamwene wakuu.

Niko Njombe mjini, nafuga uani nyuma ya nyumba. Mitetea 40, wengi chotara, wachache wa kienyeji. Hadi mwishoni mwa Mei nilikuwa naokota mayai 22 hadi 25 kwa siku. Sasa tuko Julai, yanapatikana sita, juzi manne. Kuku wanakula, tena wanakula kuliko zamani. Hakuna anayekohoa wala aliyekufa.

Banda ni la mabanzi, bati juu, chini udongo na maranda. Baridi ilipoanza niliziba kila upenyo kwa viroba na turubai, usiku hata upepo wa kuzima kibiriti hauingii. Jioni kabla hawajapanda kulala nawamwagia sado moja ya paraza (mahindi ya kupasuapasua) ili wapate joto. Alfajiri simu inaonyesha nyuzi 6, na wiki iliyopita nyasi za uani zilikuwa nyeupe kwa sakitu.

Mimi nasema ni baridi. Mzee jirani yangu anasema baridi hii ipo tangu enzi za babu yake na kuku walitaga. Nauliza pia: niwashe jiko la mkaa humo bandani usiku?

#2 Pwani Moja

Naweka kambi hapa. Sisi Tanga ikifika nyuzi 22 tunafungua masanduku kutafuta masweta. Mkuu wavalishe hao kuku makoti ya mtumba.

#3 Fundi Maranda

Jiko USIWASHE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichozibwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi wa kuonekana. Kuna jamaa Makambako aliweka jiko kwenye chumba cha vifaranga, akafunga mlango na dirisha, akaenda kulala. Asubuhi aliwakuta wamelala duara kuzunguka jiko, wazuri, hawana jeraha. Wote wamekufa.

Halafu kuku mkubwa mwenye manyoya kamili hasumbuliwi sana na nyuzi 6. Mwili wake una nyuzi 41 hivi, na akijitutumua ile hewa inayobaki katikati ya manyoya ndiyo blanketi lake. Kinachomtesa ni unyevu. Wewe umeziba kila tundu: pumzi ya kuku 40 na mvuke wa vinyesi vya usiku kucha vipite wapi kwenda nje?

Kesho ingia saa 11 alfajiri kabla hujafungua mlango wa kuku. Usisimame. Chuchumaa, pua yako iwe usawa wa kuku aliyelala, uvute pumzi. Macho yakiwasha, hiyo ni amonia. Kisha mulika bati kwa juu uone kama kuna matone. Rudi utuambie.

#4 Mswahili wa Minnesota

Habari za huko nyumbani. Niko Minnesota, Marekani, nina kuku wachache nyuma ya nyumba, na huku Januari usiku tunafika nyuzi 25 chini ya sifuri, siku nyingine zaidi. Banda langu silipashi joto. Taa za joto zimeunguza mabanda mengi huku, taa ikianguka kwenye nyasi kavu hata zimamoto hawafiki. Kitu pekee cha umeme nilichonacho ni sahani ya kuweka chini ya chombo cha maji yasigande.

Namuunga mkono Fundi kuhusu hewa. Huku tunaacha uwazi juu kabisa, chini ya paa, pande mbili, na kuziba upepo usiwapige pale wanapolala. Unyevu wa banda lililozibwa ndio unaoganda kwenye kilemba cha jogoo usiku na kumuunguza.

Ila mayai kupungua, mimi nasema ni mwanga. Kuku anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku ili atage vizuri. Desemba huku mchana haufiki saa 9, kuku wote wanafunga kiwanda hadi Februari. Weka balbu ndogo yenye saa ya kujizima, iwake alfajiri, utaona.

#5 Mtu wa Hesabu

#4 nakuheshimu, ila umepeleka jua la Minnesota Njombe. Njombe iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mchana wa Juni na wa Desemba unapishana kama saa moja tu. Kama mwanga ungekuwa sababu, mayai yangepungua taratibu tangu Februari, yasingeanguka kwa mwezi mmoja.

Mimi nimeishia kwenye sado ya paraza. Sado moja ni kama kilo 3. Gawanya kwa kuku 40, kila mmoja anapata gramu 75. Kuku wa mayai anakula gramu 110 hadi 130 kwa siku, kwa baridi tuseme 125. Maana yake zaidi ya nusu ya tumbo lake ni mahindi matupu. Mahindi yana protini asilimia 8 au 9, chakula cha kuku wa mayai kina kama 17. Changanya: unawalisha protini ya asilimia 12. Kwa 12 kuku anaishi vizuri, ananenepa, ila kutaga anaona ni anasa.

Na chokaa je? Paraza haina kalsiamu ya kutengeneza ganda.

#6 Jogoo la Shamba

Wasomi mmemaliza? Sasa mimi wa darasa la saba naomba kuuliza. Mkuu Kibanda, nyumbani uko na nani? Kuna shemeji? Kuna vijana wa sekondari wamefunga shule? Likizo imeanza Juni na mayai yamepungua Juni. Mimi sijasema kitu.

#7 Pwani Moja

😂😂 #6 umefumua uzi wote. Kumbe baridi inakula chipsi mayai.

#8 Kibanda cha Nyuma

#3 nimeingia leo kama ulivyosema. Nikiwa nimesimama sikusikia kitu. Nilipochuchumaa macho yalilia kama nakata vitunguu. Bati lina matone, na maranda ya chini ya fito za kulalia nikiyakamua mkononi yanashikana, yanabaki na alama za vidole. Ya mlangoni ni makavu kabisa.

#5 asante kwa hesabu, ila mahindi ni nishati, na kuku kwenye baridi anahitaji nishati. Nikiondoa paraza watakufa na baridi, au sivyo?

#6 nyumbani niko na mama na wadogo zangu wawili. Nimewaangalia kwa jicho jipya tangu jana.

#9 Mama Vifaranga

Mwanangu, kabla ya protini na mwanga, kuku hao wana umri gani? Ukinunua chotara wakubwa wa kuanza kutaga, mwaka mmoja na zaidi ukipita wanabadili manyoya, na akibadili manyoya kutaga anaacha miezi miwili mitatu. Manyoya ni protini, hawezi kutengeneza manyoya na mayai kwa mpigo. Angalia chini, kuna manyoya mengi kuliko zamani? Shingoni na kifuani kuna vile vijiti vinavyochipua kama miiba?

Halafu fanya hivi. Usiku wakiwa wametulia, chukua tochi, mshike mmoja mmoja. Weka vidole kwenye mifupa miwili iliyo chini ya mkia, pale yai linapotokea. Anayetaga, mifupa imeachana vidole viwili au vitatu na pale pana unyevunyevu, pamelegea. Asiyetaga hupitishi hata kidole kimoja, na pamekauka. Kilemba nacho: anayetaga ni chekundu, laini, kimejaa, asiyetaga kimesinyaa na kupauka. Wafunge uzi mguuni wale wasiotaga, uwahesabu. Utajua kama mayai hayatengenezwi au yanatengenezwa na kupotea.

#10 Jogoo la Shamba

Mama kaongea. Yaani ni kipimo cha kumsafisha au kumtia hatiani shemeji.

#11 Mkulima wa Kinangop

Hamjambo majirani. Huku Kinangop, Kenya, baridi tunaijua, Julai ukungu unakaa mpaka saa sita mchana na barafu inakula viazi shambani. Mimi nilikuwa na shida hiyo hiyo, na kwangu ilikuwa maji. Asubuhi maji ni baridi sana, kuku anachovya mdomo mara moja, anaenda zake. Yai karibu robo tatu ni maji. Kuku asipokunywa, hata umlishe nini hatagi. Sasa mimi naamka, nawasha makaa, nachemsha sufuria moja, nachanganya na ya baridi hadi yawe vuguvugu, nawapelekea. Jioni tena kidogo. Mayai yalirudi.

#12 Pwani Moja

Maji vuguvugu asubuhi, paraza jioni, mwanga wa balbu. Waongezewe na chai ya tangawizi na andazi, wakuu. Mimi mwenyewe sijawahi kuhudumiwa hivi.

#13 Gwanda la Kijani

Nimekuwa kwenye ugani wa mifugo muda mrefu, naomba tusikimbilie baridi. Msimu huu wa kiangazi ndio mdondo (kideri) unatembea. Kweli mdondo kwa kawaida unaua, lakini kuku waliochanjwa nusunusu wanaweza wasife, wakapunguza mayai tu. Kuna pia homa ya koo na mapafu ya kuku, ile ya kuambukiza ambayo wafugaji wengi hawaijui kwa jina. Inapita kimya, kuku wanapiga chafya siku chache, kisha mayai yanashuka.

Kwa hiyo swali langu: hayo mayai manne yakoje? Ganda lina mikunjo? Jembamba kama karatasi? Ukilivunja kwenye sahani, ute mweupe umesimama au unakimbia kama maji? Mayai yenyewe yanakueleza mengi.

Na chanjo ya mdondo umetoa lini mara ya mwisho? Ile ya tone la jicho inarudiwa kila miezi mitatu. Wengi wanachanja mara moja wanaona wamemaliza.

#14 Pwani Moja

Bibi yangu alikuwa anawapa maji ya pilipili kichaa na kitunguu saumu. Mdondo haukuingia kwake. Dawa ya asili msiidharau.

#15 Gwanda la Kijani

#14 mdondo ni virusi, hauna dawa, ya pilipili wala ya duka. Bibi yako alikuwa na bahati au kuku wake walikuwa mbali na wa wengine. Na kwa taarifa yako, kuku hasikii ukali wa pilipili kama sisi, ndege hawana kile kinachowaka mdomoni. Unampa pilipili anakula kama nyanya.

#16 Pwani Moja

Basi kumbe tunamtesa bure mwenye kupondaponda hiyo pilipili.

#17 Broila Juu ya Mlima

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mimi niko Makete, nafuga broila. Kila mwaka Juni hadi Agosti wanakufa wakiwa na wiki nne au tano, wale wakubwa wanaokula vizuri. Tumbo limejaa, ukimpasua yanamwagika maji ya njano. Kilemba kinakuwa cha bluu. Dukani nikauziwa dawa ya bakteria, nikatoa, wakaendelea kufa. Naziba banda vizuri, naweka na joto. Ni baridi hii hii?

#18 Gwanda la Kijani

#17 hiyo ni maji tumboni, na dawa ya bakteria haina kazi hapo. Broila anakua haraka kuliko moyo na mapafu yake. Huko juu hewa ya oksijeni ni kidogo, na baridi inamlazimisha atumie zaidi. Moyo unasukuma damu kwa nguvu kwenye mapafu hadi upande wa kulia unachoka, maji yanavuja tumboni. Ndiyo maana wanakufa wale wanaokula vizuri. Ukiziba banda unawapunguzia hata kile kidogo. Wapunguzie kasi ya kukua, hasa wiki ya pili na ya tatu: chakula cha unga badala ya punje, na kipimo. Hewa iingie. Joto walipate tangu siku ya kwanza, wasipigwe na baridi utotoni.

#19 Fundi Maranda

#18 naona unasema hewa iingie na joto lisipotee, kwa mdomo mmoja. Vifaranga wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35. Makete, usiku, na madirisha wazi, utapata wapi hizo nyuzi? Mkaa wa gunia zima?

#20 Gwanda la Kijani

Usipashe banda zima, pasha bruda. Duara dogo la karatasi ngumu, chanzo cha joto katikati, maranda makavu, na juu ya banda kuwe na upenyo. Kila wiki unashusha nyuzi 3 hivi. Na usiangalie kipimajoto peke yake, angalia vifaranga: wakirundikana chini ya joto wana baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi wameungua, wakitawanyika wote wanakula na kulala, waache.

#21 Fundi Maranda

Na hicho chanzo kikiwa jiko la mkaa tunarudi #3. Chungu chenye mkaa kiwashiwe nje hadi mkaa wote uwe mwekundu ndipo kiingie, na hewa iwepo. Bado siipendi.

#22 Mgeni wa Ludewa

Jogoo wangu ncha za kilemba zimekuwa nyeusi, zina vigaga. Nimesoma #4 nikaogopa. Ni baridi imemuunguza?

#23 Mswahili wa Minnesota

Inafanana na ninachokiona huku. Wengine wanapaka mafuta mazito ya mgando kwenye kilemba, wengine wanasema hayasaidii. Mimi napaka. Kwanza muweke alale kwenye mbao ya mbili kwa nne, ule upande mpana juu, si fito ya mviringo. Akikalia, tumbo linafunika vidole.

#24 Mama Vifaranga

Dada, baridi ya Ludewa haifikii ya kuunguza kilemba kama huko kwenu. #22 angalia kama vigaga vipo pia kuzunguka macho na pembeni mwa mdomo, kama chunjua. Kama vipo ni ndui. Kama viko kwenye ncha tu, angalia kama kuna jogoo mwenzake anayemdonoa.

#25 Mgeni wa Ludewa

Jogoo wako wawili.

#26 Jogoo la Shamba

Kesi imekwisha. Mmoja aende sufuriani, baridi itapona.

#27 Kibanda cha Nyuma

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Viroba vya juu nimevitoa pande zote mbili, nimeacha vya chini tu usawa wa wanapolala. Maranda mabichi nimeyatoa yote, nimemwaga makavu ya mashine ya mbao, kina cha kiganja. Harufu imeisha. Paraza nimeshusha hadi robo sado na kuongeza mashudu ya alizeti na dagaa. Maji vuguvugu naleta asubuhi. Chanjo nilikuwa nimepitiliza, nimeshatoa. Mayai niliyovunja ganda lilikuwa la kawaida, ute umesimama.

Nimewapima usiku kama Mama alivyosema, mama yangu akinishikia tochi na kunicheka. Kati ya 40, walio wazi vidole viwili ni 17. Wengi wa waliofunga wana vijiti vya manyoya shingoni. Sasa naokota 11, jana 13.

Na jingine: nyuma ya rundo la kuni, upande wa jua la asubuhi, nimekuta shimo lina mayai tisa. Viota vyangu niliviweka ukuta wa kusini, kule kunakopiga upepo.

#28 Jogoo la Shamba

Nilisema mayai yanapotea!! Shemeji na vijana waombwe radhi, ila mantiki yangu ilikuwa sahihi.

#29 Mtu wa Hesabu

Kutoka 4 hadi 13 baada ya kupunguza paraza. Nashukuru.

#30 Mkulima wa Kinangop

Baada ya maji vuguvugu.

#31 Mtu wa Hesabu

Jamaa amebadilisha vitu vitano kwa wakati mmoja, kila mtu atachukua ushindi wake. Angegawa kuku makundi mawili, nusu wale paraza ile ile, tungejua.

#32 Mama Vifaranga

Manyoya yanamalizika, kuku wanarudi kutaga wenyewe. Mngeweza hata kuwaimbia wangerudi. Hao 23 waliofunga wape protini, usiwauze sasa kwa hasira. Wakishamaliza kuvaa watataga. Ila mayai yatakuwa makubwa zaidi na machache kuliko mwaka wa kwanza.

#33 Mswahili wa Minnesota

Na tangu tarehe 21 Juni siku zinarefuka huko kwenu, msisahau 😊

#34 Mtu wa Hesabu

Dakika chache, dada.

#35 Fundi Maranda

Mkuu Kibanda, maranda ulinunua gunia shilingi ngapi? Mashine ya huku kwetu zamani walikuwa wanatupa bure, sasa wamejua wafugaji wanayataka wameanza kuuza. Na hakikisha si vumbi la msumeno. Vumbi linawaingia puani na vifaranga wanalila.

#36 Kibanda cha Nyuma

Nilipewa bure, nilibeba mwenyewe kwa toroli. Ila waliniambia nirudi na soda.

#37 Pwani Moja

Mswahili wa Minnesota, kuku wakifungiwa ndani kwa theluji miezi yote hiyo hawapigani?

#38 Mswahili wa Minnesota

Wanadonoana sana. Nanunua kabichi, naifunga kamba, naining'iniza juu kidogo ya vichwa vyao. Wanairukia siku nzima, hawana muda wa ugomvi.

#39 Jogoo la Shamba

Njombe kabichi zinaoza sokoni, Minnesota zinachezewa mpira na kuku. Dunia hii.

#40 Mgeni wa Ludewa

Wakuu, jogoo mmoja nimemtenga, vigaga vya yule mwingine vimeanza kukauka. Sasa bata je? Ninao sita, wanalala nje kwenye tope na baridi yote hii hawajali kitu, na wanataga. Kuna mtu anafuga bata Nyanda za Juu?